Bushera ya wimbi nyumbani: kazi yote iko kwenye kimea

Hapa Mbarara, magharibi mwa Uganda, bushera, yaani kinywaji cha uji wa nafaka uliochachushwa, inauzwa kila kona, mara nyingi kwenye chupa za plastiki zilizooshwa juu juu na kujazwa sukari. Jirani yangu mmoja aliyetoka Kongo aliizoea kwa kuinunua, watoto wake wakaipenda, pesa ikawa inaisha. Wiki hii nimemwelekeza aitengeneze mwenyewe, na kwa kuwa maswali yake ndiyo wanayouliza wengi, nayaandika hapa.

Majirani zetu wa Kigezi hutumia zaidi mtama, sisi wa Ankole hutumia wimbi. Mimi ni mtu wa wimbi na sibishani na yeyote. Unazidi nafaka zetu nyingine kwa kalsiamu, kama miligramu 340 katika kila gramu 100, na ipo sababu nyingine nitakayoitaja chini.

Hatua ya 1: Kununua

Nunua punje, si unga. Kilo 2 zinatosha: nusu kilo ya kimea (punje zinazooteshwa kisha kukaushwa), iliyobaki ya unga wa kawaida. Chota konzi unuse. Kukiwa na uvundo, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Punje zilizopakwa rangi kwenye maduka ya pembejeo ni mbegu za kupanda, zimetiwa sumu. Si za kula.

Hatua ya 2: Kuosha na kuloweka

Pepeta, osha mpaka mchanga uishe. Zile za unga zianike zikauke. Zile za kimea loweka usiku kucha.

Hatua ya 3: Kimea

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa hiyo soma polepole.

Chuja maji yote. Tandaza punje juu ya ungo uliotandikwa kitambaa cha pamba kilicholowa, zifunike kwa kitambaa kingine, uweke kivulini mahali pasipo baridi. Tabaka lisizidi unene wa vidole viwili. Ukirundika, katikati panapata moto, panaanza kunuka pombe, na kuvu haiko mbali. Asubuhi na jioni ingiza mkono mpaka chini: ukihisi joto kuliko la mwili wako, tandaza upya. Nyunyiza maji kidogo, geuza. Punje ziwe na unyevu, zisiogelee. Wanaotumia ndoo yenye kifuniko sitaki hata kuwasikia, maana hewa haipiti.

Siku ya pili utaona ncha nyeupe kwenye punje. Jirani yangu alizileta mbio: "Mama, zimeoza!" Hazikuoza, ilikuwa mizizi. Mzizi ni mweupe, umeshika punje yake mmoja mmoja. Kuvu hukaa kama utando wa buibui unaofunga punje pamoja, au ni vumbi la kijani, la kijivu au jeusi. Ukiona hivyo usichague nzuri kutoka kwenye mbaya. Tupa zote, na kuku usiwape. Sumukuvu inaharibu ini, inaweza kuleta saratani ya ini, na haiondoki kwa kuchemsha.

Mbarara usiku ni baridi, kwa hiyo kimea huchukua siku 2 hadi 3. Kwenye joto la Arua, kaskazini, ni mapema zaidi. Acha kuotesha pale mizizi inapokuwa imeizidi punje kwa urefu kidogo, kabla majani ya kijani hayajatoka. Ukichelewa, mche unakula ile sukari unayoitaka wewe.

Halafu kukausha, ambako nako kuna mitego yake. Anika juu ya turubai safi kwenye kichanja, tabaka jembamba, ukigeuza mara kwa mara. Usianike chini, wala kando ya barabara ya murram. Jioni ingiza ndani, ila usifunge kwenye gunia zikiwa bado na joto la jua, zitatoa jasho. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, tazama mbingu kabla ya kuloweka. Mawingu yakiwa yamefunga, ahirisha. Mvua ikikukuta katikati, kausha kwenye sufuria pana juu ya sigiri yenye makaa machache, joto ambalo kiganja chako kinalivumilia. Moto ukizidi utapata harufu nzuri ya kukaanga, lakini vimeng'enya vinavyovunja wanga vitakuwa vimekufa, na kimea hicho hakitalainisha uji wowote.

Kujua kama zimekauka, tia konzi moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa, ziache kwa dakika kumi. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, rudisha juani.

Mwisho fikicha, pepeta mizizi yote itoke. Kwa mtama hili si la hiari: machipukizi yake yana kitu kinachotoa sianidi, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Ndiyo sababu ya kuchagua wimbi niliyoahidi.

Hatua ya 4: Kusaga

Kimea na punje za kawaida visagwe mbali mbali. Kwenye mashine ya kusaga, subiri mtu mwingine asage wimbi wake kwanza, usije ukarithi mabaki ya muhogo.

Hatua ya 5: Kupika na kuchachusha

Koroga tumpeco (kikombe kikubwa cha plastiki) moja ya unga wa kawaida kwa maji baridi, mimina kwenye tumpeco sita za maji yanayochemka, pika dakika 20. Uji utakuwa mzito, usiogope. Epua, ngoja hadi uweze kushika sufuria kwa kiganja bila kukurupuka, ndipo utie vijiko vitatu vya unga wa kimea. Ukiutia kwenye uji unaotokota, vimeng'enya vinakufa palepale. Koroga kwa dakika chache: mwiko uliokuwa unasimama wenyewe utaanza kuinama, kisha utaanguka.

Rudisha jikoni uchemke tena dakika kumi. Wengi huruka hapa. Mimi siruki, kwa sababu kimea kimekaa siku kadhaa katika unyevu na hakijapikwa.

Ukipoa, tia kikombe cha bushera nzuri kutoka nyumba unayoiamini, funika kwa kitambaa. Chungu cha udongo kinashinda plastiki kwa mbali. Kesho yake onja: ukali wa kupendeza ndio wenyewe. Ikivutika kama kamasi au ikitoa harufu ya kuoza, mwaga. Usiitie kwenye chupa ukakaza kifuniko, gesi itailipua.

Hatua ya 6: Nani anywe

Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Akishapita hapo, mpe uji uliolainishwa na kuchemshwa tena, kabla ya kuchachushwa. Faida yake ni kwamba bakuli lile lile linabeba unga mwingi zaidi na bado anaumeza. Wakubwa wapewe ya siku moja. Kuiacha siku tatu au nne ni kuikaribisha pombe, hivyo wajawazito na watoto wasiiguse.

Mwenye kisukari asidanganywe na "bila sukari": kimea kimeshageuza wanga kuwa sukari, apime kikombe kama anavyopima chakula kingine, na vidonge vyake aendelee navyo. Anayeharisha anahitaji ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), na mtoto aongezewe zinki kutoka kituo cha afya. Bushera haichukui nafasi hiyo.

Kikombe cha mwisho kiweke kando, ndicho chachu ya chungu kinachofuata. Kikikaa siku tatu bila friji, omba kingine kwa jirani.