Mchapakazi Mwenye Wasiwasi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Mwili Haujagoma

Mtu aliyeshindwa kuamka kitandani watu wanamwona, na kuna siku watampeleka hospitali. Mimi nina neno na yule mwingine: anayefika kituo cha Magufuli pale Mbezi masaa mawili kabla basi halijaondoka, anayehesabu michango ya kamati ya harusi mara tatu usiku wa manane, ambaye bosi hajawahi kumkumbusha kitu. Kila mtu anamsifu. Hakuna anayejua kwamba tangu Jumapili mchana tumbo lake limekaza kwa sababu ya Jumatatu.

Hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa high-functioning anxiety, haimo kwa jina hilo kwenye orodha rasmi za magonjwa, lakini baadhi ya watu wa namna hii, wakipimwa, hukutwa na ugonjwa wa wasiwasi kamili: hofu isiyozuilika, siku nyingi kuliko zisizo nayo, kwa miezi 6 au zaidi, pamoja na misuli kukaza, usingizi kukatika, hasira za karibu na uchovu. Na usijidanganye kwamba kazi zako zikienda vizuri basi huumwi. Daktari hasubiri ufukuzwe kazi ndipo akutibu. Mateso yenyewe yanatosha.

Anza kwa kujipima. Kuna dodoso linaloitwa GAD-7, lina maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, na lipo pia kwa Kiswahili. Alama zinakwenda mpaka 21. Ukifika 10, tafuta mtaalamu, usibishane na karatasi. Ukiwa chini ya hapo na bado unateseka, nenda vilevile.

Kabla hujakubali kwamba ni wasiwasi, pima damu. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikizidisha kazi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho na kukosa usingizi, na kwa nje hutaitofautisha na wasiwasi. Upungufu wa damu nao huufanya moyo uende mbio. Kinyume chake pia kipo, na kwetu kimejaa: mtu anatibiwa vidonda vya tumbo mwaka hadi mwaka, dawa zinabadilishwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza analala saa ngapi na anaogopa nini. Muulize daktari wako yote mawili. Ila maumivu ya kifua yanayokwenda mkono au taya usiyaite wasiwasi ukiwa nyumbani. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali kwanza.

Kahawa, punguza. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kahawa ya saa kumi jioni, nusu yake bado ipo damuni saa tatu usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu, acha kabisa.

Kabla hujakubali jukumu jingine, lala nalo. Weka sheria kwamba hakuna ombi linalojibiwa siku lilipoletwa. “Nitakujibu kesho” haimuudhi mtu mwenye nia njema. Watu wenye wasiwasi ndio wanaofanywa waweka hazina wa kikoba, wa kamati ya harusi, wa msiba na wa wazazi wa darasa, kwa sababu kila mtu anajua hesabu haitapotea shilingi. Lakini ile hofu ya shilingi kupotea ndiyo inayokumaliza. Kuwa mjumbe wa kawaida, changa, pika, imba, rudi nyumbani.

Tazama kalenda yako kabla ya msimu mgumu. Mhasibu wa Tanzania anajua tarehe 7 ni ya kodi za mishahara, tarehe 20 ni VAT, na kampuni inayofunga mwaka Desemba inadaiwa ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwaka ifikapo 30 Juni. Mwalimu ana mitihani yake, muuguzi ana zamu zake. Panga mapumziko kabla na baada, usisubiri uanguke ndipo upumzike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na ugonjwa una siku zake 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Ugonjwa wa wasiwasi ni ugonjwa. Chukua siku zako.

Sasa vidonge vya usingizi. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nusura tumzike dada yangu.

Dada ni mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Ofisini huingia wa kwanza. Mwezi wa sita mmoja usingizi ulimkatika kabisa: analala saa nne, saa nane yuko macho anawaza risiti. Akaenda duka la dawa la mtaani, akaeleza, akapewa vidonge ndani ya kile kibahasha kidogo kilichoandikwa kwa kalamu “1x1 usiku”. Jina la dawa halikuwepo. Usiku ule alilala. Hesabu zikafungwa kwa wakati, bosi akashukuru, na dada akarudi dukani. Kidonge kimoja kikawa viwili. Mwaka ukazunguka. Sisi ndugu hatukujua lolote, na nini kingetushtua? Ada za wadogo zetu zinalipwa, nyumba safi, simu inapokelewa mlio wa kwanza.

Ukatokea msiba Njombe. Alisafiri haraka, vidonge vikabaki Dar, na kwa kuwa alishaanza kuvionea aibu akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuviacha. Mikono ikaanza kutetemeka. Tukasema ni baridi ya Njombe, tukampa sweta. Akawa hali chakula, jasho linamtoka kwenye baridi ileile, mlango ukifungwa kwa nguvu anaruka. Na bado yeye ndiye aliyeshika daftari la rambirambi, na daftari lilikuwa safi. Wiki haijaisha, asubuhi moja akiwasomea wanandugu mapato na matumizi, akaanguka, mwili mzima ukimtingishika, povu mdomoni. Huyu akasema kifafa, yule akasema mashetani, shangazi akaanza kukemea. Mjomba mmoja hakungoja mjadala, akawasha pikapu.

Hospitali daktari alituuliza swali moja: anatumia dawa gani? Hatukuwa na jibu. Tukapiga simu Dar, binti wa nyumbani akaingia chumbani, akatuma picha ya kibahasha. “1x1 usiku.” Daktari akatazama ile picha akaturudishia simu. Mpaka fahamu zilipomrudia vizuri ndipo dada akataja mwenyewe: diazepamu.

Diazepamu na dawa za jamii yake hutuliza ubongo. Ukizimeza kila siku kwa wiki kadhaa ubongo unazizoea, na ukizikata ghafla hofu inarudi kwa nguvu kuliko ya mwanzo, usingizi unapotea, na wengine hupata degedege linaloweza kuua. Kwa kuwa diazepamu hutoka mwilini polepole, balaa linaweza kuja siku kadhaa baada ya kuacha, wakati mtu anadhani ameshavuka. Dada alirudishiwa dawa ileile, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, huku akitibiwa wasiwasi wenyewe.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujameza dawa yoyote ya usingizi au ya kutuliza, iwe imeandikwa na daktari, na ujue mambo manne: jina lake, kiasi chake, utaitumia mpaka lini, na utaiachaje. Kibahasha kisicho na jina, kirudishe kaunta. Mtu mmoja nyumbani ajue unachomeza. Na kama unasoma hapa ukiwa umeshazoea kumeza kila usiku, usiache leo! Nenda kwa daktari ukiwa na vidonge vyenyewe mkononi, na utaje kiasi cha kweli, usipunguze kwa aibu.

Ukiandikiwa dawa za wasiwasi zenyewe, kama fluoksetini au setralini, jiandae kwamba zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo unaweza kujisikia vibaya zaidi. Wengi huacha hapo hapo. Mpigie daktari, usiache kimya kimya.

Omba pia tiba ya mazungumzo. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na kwenda kuzungumza na mtu hakumaanishi unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Dada alipewa kazi mbili ambazo mpaka leo anazifanya. Ya kwanza, kila jioni kabla ya chakula anakaa na daftari dakika 20 na kuandika yote yanayomsumbua. Wazo likija usiku, analiambia lisubiri kesho jioni. Ya pili, barua pepe husomwa mara moja kabla ya kutumwa, mlango hukaguliwa mara moja. Kukagua tena kunatuliza dakika chache tu, kisha shaka inadai ikaguliwe mara ya tatu. Mwezi wa kwanza zoezi hili lilimliza. Jiandae kwa hilo pia.

Hofu ikikupanda ghafla, vidole na midomo ikafa ganzi, mara nyingi umevuta pumzi nyingi na za haraka mno. Kaa chini, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko unavyovuta.

Pombe si dawa ya usingizi, na ikichanganyika na diazepamu inaweza kusimamisha pumzi. Usiendeshe gari ukiwa umemeza dawa ya kutuliza. Mjamzito asianze wala kuacha dawa bila daktari. Ukianza kuwaza kufa, usilale peke yako usiku huo, mwambie mtu, nenda hospitali; aliye Kenya apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, simu ni bure. Wewe unayeishi na mtu wa namna hii, usimwambie “acha mawazo”. Mpokonye daftari la michango ulibebe wewe. Simu isilale kitandani. Na dawa ya jirani usiimeze hata kama dalili zenu zinafanana, kwa sababu propranololi inayotuliza moyo wake, wewe mwenye pumu inaweza kukubana kifua usiku ambao hakuna bodaboda.