Namna ya Kuhifadhi Maji ya Chumvi kwa Tangi la Matumbawe Linalojibadilishia Maji

Tangi linalojibadilishia maji hutoa maji machache kila siku kwa pampu moja na kuingiza kiasi kilekile kwa pampu nyingine kutoka kwenye pipa la akiba, bila mwenye tangi kushika ndoo. Utaratibu huo huwafaa sana matumbawe, ambayo hudhurika zaidi kwa mabadiliko ya ghafla kuliko kwa kasoro ndogo ya kudumu, lakini una sharti moja: maji yatakayotoka pipani siku ya mwisho yawe sawa na yale yaliyotoka siku ya kwanza.

Ukubwa wa pipa hutokana na hesabu rahisi. Tangi la lita 200 linalobadilishiwa asilimia 1 kwa siku hutumia lita 2, kwa hiyo pipa la lita 70 hutosha mwezi mmoja na kubakiza akiba kidogo chini. Ifahamike kwamba baada ya siku 30 maji yaliyobadilishwa hasa ni takriban asilimia 26, wala si 30, kwa sababu sehemu ya maji yanayotolewa kila siku ni yale mapya yaliyoingia siku zilizotangulia. Chagua pipa la plastiki ya polietilini inayofaa kuhifadhia chakula, lenye mfuniko unaobana na lisilopitisha mwanga, kwani mwanga huotesha mwani.

Wakati wa kuchanganya, tia maji safi kwanza, yaliyochujwa hadi kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri, kisha washa pampu ya kukorogea na umimine chumvi kidogo kidogo. Ukianza na chumvi na kuimwagia maji, dakika za mwanzo mchanganyiko huwa mkali mno, na kalsiamu hushikana na kabonati na kuganda kuwa unga mweupe ambao hauyeyuki tena. Ikiwezekana, tumia mfuko mzima wa chumvi kwa mara moja, au uuchanganye vizuri ungali mkavu, maana chembe za ukubwa tofauti hujitenga wakati wa kusafirishwa. Maji yakishakuwa maangavu kabisa, pima. Kiwango kinachofaa ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji hayo, ambacho kwenye kipimo cha uzito linganifu (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji safi) husomeka takriban 1.026 katika nyuzi 25 za Selsiasi. Rifraktomita, yaani kifaa kinachopima chumvi kwa kupinda kwa mwanga, irekebishwe kwa maji maalumu ya kupimia yenye chumvi ya kiwango hichohicho cha 35. Kuirekebisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi peke yake hakutoshi.

Baada ya hapo, zima pampu ya kukorogea na uyaache maji yatulie. Wengi huiacha ikizunguka usiku na mchana wakihofia kwamba chumvi itazama, lakini chumvi iliyokwisha kuyeyuka haizami. Kinachotokea kwa kuyakoroga mfululizo ni kwamba maji hupata joto la pampu na hupoteza hewa ya ukaa, pH hupanda, na kabonati ya kalsiamu huanza kuganda kwenye kuta na ndani ya pampu yenyewe. Hita nayo haihitajiki pipani, kwa kuwa lita 2 zinazoingia kidogo kidogo mchana kutwa haziwezi kulipoza tangi la lita 200. Weka pipa mahali penye ubaridi na ulifunike vizuri, la sivyo maji yatapungua kwa mvuke na chumvi itazidi.

Kipimo kitakachokuonyesha kama hifadhi yako ni salama ni cha ualkali, yaani hasa kiasi cha kabonati na bikabonati kilichomo majini. Pima siku ya kuchanganya, kisha upime tena baada ya wiki moja. Kama kiwango kimeshuka waziwazi, na kidole kinapopita ukutani kinakutana na ukoko unaokwaruza kama mchanga laini, chumvi hiyo haifai kukaa muda mrefu. Baadhi ya chumvi zenye ualkali mkubwa hutengenezwa ili zitumike karibu mara baada ya kuchanganywa, na maelezo ya mfukoni husema hivyo. Yasome kabla ya kununua.

Hatari kubwa kuliko zote ni pipa kukauka bila mtu kujua. Pampu ya kutoa huendelea kutoa lita 2 kila siku, pampu ya kuingiza hunyonya hewa, na kifaa kinachofidia maji yaliyopotea kwa mvuke huona kina kimepungua na kujaza maji yasiyo na chumvi. Katika wiki moja tu, chumvi ya tangi letu la lita 200 itakuwa imeshuka kutoka 35 hadi chini kidogo ya 33. Kwa hiyo funga swichi ya boya, inayoshuka pamoja na maji na kukata umeme, juu kidogo ya mdomo wa mpira wa kunyonyea, na uiunganishe ili izime pampu zote mbili kwa pamoja. Kuzima ile ya kuingiza peke yake hakusaidii chochote.

Tofauti ndogo kati ya pampu hizo nayo hujilimbikiza. Ikitoka lita 2 na kuingia lita 1.9, kwa mwezi tangi hupokea lita 3 za maji baridi badala ya maji ya chumvi, na kiwango hushuka kwa takriban nusu gramu kwa kilo. Pampu hizi husukuma maji kwa kuukamua mpira, na mipira hiyo inayokamuliwa kila siku huchoka, hivyo pima mtiririko wa kila pampu kwa silinda yenye alama kila baada ya miezi michache, ikiwa mahali pake palepale inapofanyia kazi. Pipa likae chini ya usawa wa maji ya tangi, ili mpira ukichakaa maji ya akiba yasijimwage yenyewe tangini.

Pipa likikaribia kwisha, usiongeze maji mapya juu ya masalio. Limwage, ulisugue kwa siki au asidi ya sitriki hadi ukoko mweupe uache kutoa mapovu, ulisuuze mara kadhaa, ndipo uchanganye upya na kupima kabla ya kuwasha pampu tena.