Kurekebisha mlango wa gari ulioharibiwa na kitasa kilichofungwa vibaya

Njia rahisi ya kujua kama kitasa cha nje cha gari lako kilifungwa vibaya ni kusimama kando ya mlango asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa Uyole, mashariki mwa jiji letu la Mbeya, na kuliangalia bati kwa mshazari badala ya kulitazama uso kwa uso. Bati lililo salama hurudisha mwanga kwa mstari mmoja ulionyooka, lakini bati lililovutwa na nati iliyokazwa kupita kiasi huonyesha kijishimo kuzunguka kitasa, na mara nyingi rangi ya hapo huwa imepasuka nyufa nyembamba kama za kikombe cha udongo. Mlango wangu ulikuwa hivyo. Kitasa kilivunjika, nikanunua kingine cha kopi sokoni Mwanjelwa, gereji moja ya mjini ikakifunga kwa muda usiozidi nusu saa, na mvua za Novemba zilipoanza nikakuta kapeti ya upande wa dereva imelowa chapachapa.

Madhara ya namna hii huwa na vyanzo vitatu, ambavyo ni lazima vitenganishwe kabla ya kununua hata kopo moja la puti, ule ujiuji wa kujazia mabonde ya bati. Cha kwanza ni raba ndogo zinazokaa kati ya kitasa na bati: zikisahauliwa, au zile za zamani zilizokakamaa zikirudishwa, plastiki hukaa moja kwa moja juu ya rangi na kuila kila mlango unapofunguliwa. Cha pili ni ukazaji. Bati la nje la mlango lina unene wa takribani milimita 0.7 tu, hivyo haliwezi kushindana na mkono wa fundi aliyezoea nati za magurudumu. Cha tatu ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ya ndani, ambayo mafundi wengi huichana ili kupitisha mkono na kuiacha ikining'inia, kwa kuwa hakuna mteja anayeiona.

Nailoni hiyo inastahili maelezo zaidi, kwa sababu wengi hudhani kazi yake ni kuzuia vumbi. Mlango wa gari haukutengenezwa uwe mkavu ndani. Maji ya mvua hupita pembeni mwa raba za kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea chini kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye ukingo wake. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie upande wa abiria, na ikichanika, maji huifuata paneli hadi kwenye kapeti. Vitundu navyo vikizibwa na matope au silikoni, maji husimama mlangoni na kutu huanza kulila bati kutoka chini kwenda juu. Kwa anayekwenda Tukuyu mara kwa mara, ambako mvua haina simile, kasoro hii haingoji mwaka uishe.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha za uharibifu na umrudie fundi aliyeifanya kazi; baadhi yao hurekebisha bila ubishi wakioneshwa. Ukiamua kuifanya mwenyewe, pandisha kioo hadi juu ili kisikuzuie, kisha chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika chache, hasa kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni. Fungua skrubu za paneli, zikiwemo zile zinazojificha nyuma ya kishikio cha ndani, halafu ng'oa klipu moja moja kwa kipande bapa cha plastiki. Bisibisi huacha alama na huvunja klipu, hivyo nunua klipu kadhaa za akiba mapema.

Nailoni ibandue taratibu kuanzia pembeni, ukiikata gundi nyeusi kwa kisu badala ya kuivuta. Kwenye magari mengi ya zamani ya Kijapani, kitasa hushikwa kwa ndani na nati au bolti mbili zinazofunguliwa kwa spana namba 10. Kwenye mengi ya karibuni kuna skrubu moja inayofikiwa ukingoni mwa mlango, nyuma ya kizibo cha plastiki, na kitasa hutoka kwa kusukumwa upande. Kama kuna fimbo ya chuma inayokwenda kwenye loki, zungusha klipu yake kwanza ndipo uichomoe, na ukumbuke ilikuwa kwenye tundu lipi.

Kitasa kikishatoka, utaona ukubwa halisi wa tatizo. Bati lililovutwa ndani hurudishwa kwa kulisukuma kutoka ndani kwa kipande cha mti mgumu kilicholainishwa ncha, huku mkono wa pili ukishikilia kipande cha chuma bapa kwa nje, na kuligonga kidogo kidogo kuanzia ukingoni mwa kijishimo kuelekea katikati. Usianze katikati. Ukilipiga hapo kwa nguvu, bati hutanuka na kuwa kama kifuniko cha kopo, likibonyezwa huku linatokea kule, na hapo utalazimika kumtafuta fundi bodi.

Sehemu yenye rangi iliyopasuka ikwanguliwe kwa msasa namba 80 hadi chuma king'ae, na kutu yote iondolewe, kwa sababu ikifunikwa itarudi. Paka praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, iache ikauke, kisha weka puti nyembamba pale tu palipobaki na bonde. Jambo ambalo sijaona likizingatiwa katika gereji nyingi ni hili: puti isiwekwe mahali panapobanwa na kitasa. Puti haivumilii kubanwa. Nati ikikazwa itapasuka, maji yatapenya kwenye ufa, na baada ya msimu mmoja utarudi ulipoanzia. Pale panapokaa kitasa pawe na chuma kilichonyooshwa, praima na rangi, basi. Kwingineko puti isizidi milimita 3.

Baridi ya kwetu nayo ina masharti yake. Juni na Julai ni miezi mizuri kwa kuwa hakuna mvua, lakini asubuhi za Mbeya, Njombe na Makambako huwa baridi kiasi kwamba puti hukawia kuwa ngumu, na fundi mwenye haraka huongeza hadena, dawa inayochanganywa na puti ili igande. Asifanye hivyo. Hadena ikizidi hupenya na kuacha madoa kwenye rangi ya juu siku chache baadaye, hata kama siku ya kwanza kazi ilipendeza. Ni heri kuanza saa nne, gari likiwa limeota jua, na kumaliza kabla ya ubaridi wa jioni kushuka. Puti ikikauka, isawazishe kwa msasa namba 180, kisha 320, pulizia praima, maliza kwa namba 600 pamoja na maji, ndipo upulizie rangi na vanishi.

Iache rangi angalau siku mbili kabla ya kurudisha kitasa, kwa kuwa rangi mbichi hunata kwenye raba. Weka raba mpya, kaza nati kwa vidole hadi zikae, kisha tumia spana fupi kwa takribani robo ya mzunguko, ukisimama mara tu raba inapoanza kubonyea. Fimbo ya loki ibaki na mchezo mdogo, kama milimita 1 au 2, kwani ikivutika muda wote loki hubaki nusu wazi na mlango unaweza kufunguka barabarani.

Usiufunge mlango bado. Ukiwa wazi, sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi mpaka ujifunge, halafu vuta kitasa cha nje uone kama unaachia. Rudia kwa kitasa cha ndani na kwa funguo. Mlango ukifungwa kabla ya jaribio hili na fimbo ikawa imekaa vibaya, huenda usifunguke tena, na kuufikia ukiwa umefungwa ni kazi ya siku nzima.

Sasa zibua vitundu vya chini kwa waya mwembamba na urudishe nailoni kwa gundi ya mpira isiyokauka, ukihakikisha ukingo wake wa chini umeingia ndani ya mlango ili maji yateremkie huko. Kabla ya kurudisha paneli, mimina jagi la maji taratibu juu ya kioo kwa nje. Yanapaswa kuchuruzika chini ya mlango baada ya sekunde chache. Pitisha kiganja upande wa ndani wa nailoni, na ukikuta tone hata moja, bandua kipande hicho na ukibandike upya.