Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwaga Oili ya Gia Boksi ya MGB

Jambo la kwanza la kuhakikisha, kabla hata ya kuifikiria nati ya kumwagia oili iliyo chini ya gia boksi, ni kwamba mahali pa kujazia oili mpya panafunguka. MGB, magari madogo ya michezo, zilitengenezwa Abingdon, nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekwisha kuvuka miaka 40, na si ajabu kukuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) iliyokatika, kizibo kilichoshikwa na kutu, au nati ambayo pembe zake zimeliwa na spana isiyo saizi yake. Mtu akishamwaga oili yote kisha akagundua kwamba hana pa kujazia, gari limekwama papo hapo juu ya stendi, kwa maana haliwezi kuendeshwa hata hadi gereji ya jirani. Nimeliona hilo likimpata mtu makini kabisa, na tangu hapo sijawahi kugusa nati ya chini kabla ya kufungua ya juu kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya hapo ni lazima ujue kwa yakini gari lako lina gia boksi ipi. Magari ya mwanzo yana gia boksi ambayo gia yake ya kwanza haina sinkromeshi, yaani pete zinazolinganisha mizunguko ya gia ili ziingiane bila kulia, wakati toleo la Mark II lililoingia mwishoni mwa 1967 lilileta gia boksi mpya, kubwa zaidi, yenye sinkromeshi kwenye gia zote nne za mbele. Namba ya chasisi husaidia sana: ikianza na GHN3 kwa gari la wazi au GHD3 kwa GT, yaani lile lenye paa la kudumu, gari lilitoka kiwandani na gia boksi ya zamani, ikianza na GHN4, GHD4, GHN5 au GHD5, lilitoka na ile mpya. Kwa kuwa bodi ilipanuliwa katikati ili kuipokea gia boksi hiyo kubwa, kuiweka kwenye gari la zamani si kazi nyepesi, na ndiyo maana namba ya chasisi ni ushahidi mzuri, ingawa gari lililopita mikononi mwa wamiliki wengi lisiaminiwe kwa karatasi peke yake. Yapo pia magari machache yenye gia otomatiki ya Borg-Warner. Hayo yana oili yake tofauti na utaratibu wake tofauti, na maelezo haya hayayahusu.

Swali linaloambatana na hilo ni kama gari lina ovadraivu, yaani kile kifaa cha kampuni ya Laycock kilichofungwa nyuma ya gia boksi ili kupunguza mizunguko ya injini gari linapokuwa kwenye mwendo mrefu. Swichi yake kwenye dashibodi, kwenye usukani au kwenye kichwa cha gia si uthibitisho wa kutosha, kwa sababu ovadraivu inaweza kuwa imeondolewa na swichi ikaachwa. Ni afadhali kuingia chini ya gari na kuitazama. Gia boksi ya zamani ilifungwa ovadraivu aina ya D, na ile mpya ilifungwa aina ya LH. Zote mbili hutumia oili ileile ya gia boksi, lakini kila moja ina chujio lake ambalo lazima litolewe na kusafishwa wakati wa kubadilisha oili. Kwenye aina ya D chujio linafikiwa kwa kufungua nati kubwa iliyo chini ya ovadraivu. Kwenye aina ya LH kuna bamba la chini lililoshikwa kwa skrubu sita, na ndani yake mna chujio pamoja na sumaku za kunasa vumbi la chuma. Gasketi ya bamba hilo inunuliwe mapema, kwa kuwa ile ya zamani huchanika mara nyingi inapobanduliwa, na kuirudisha ikiwa imechanika ni kukaribisha uvujaji.

Sasa tuje kwenye aina ya oili, ambako nadhani pana madhara makubwa kuliko pengine popote. Wengi hushangaa kusikia kwamba kitabu cha mwenye gari, kwa MGB nyingi, kinaagiza oili ya injini yenye namba ya uzito 20W-50 itumike kwenye gia boksi. Mazoea ya mafundi wengi ni kumwaga oili nzito ya gia yenye namba 90, wakiamini kwamba gia zinataka kitu kizito. Kwanza, namba hizo mbili hazipimwi kwa mizani moja: oili ya gia ya 90 na oili ya injini ya 50 hukaribiana kwa uzito, na tofauti ya kweli iko kwenye dawa zilizochanganywa ndani yake. Oili za gia za daraja la GL-5 zimetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, na zina kiasi kikubwa cha viambato vya salfa na fosforasi vinavyokinga meno ya chuma yanayosuguana kwa mkandamizo mkali. Viambato hivyo vinaweza kuidhuru shaba, hasa oili inapokuwa ya moto, na pete za sinkromeshi za gia boksi hii zimetengenezwa kwa aloi ya shaba. Pete hizo hufanya kazi kwa msuguano. Zikilika au zikiteleza kupita kiasi, gia huanza kulia wakati wa kubadilisha, na mwenye gari hudhani kwamba gia boksi imezeeka tu, kumbe imepewa oili isiyo yake.

Ovadraivu nayo inaleta sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Ndani yake kuna klachi ya umbo la pia inayoshika kwa msuguano ndani ya oili hiyohiyo, kwa hiyo oili yoyote iliyotiwa dawa za kupunguza msuguano, na vichupa vile vinavyouzwa kwa ahadi ya kulainisha gia, havifai kabisa. Ushauri wangu ni kusoma kitabu cha gari la mwaka wako hasa, si cha mwaka unaofanana nao, kisha kununua 20W-50 ya kawaida ya madini iliyokusudiwa magari ya zamani pale kitabu kinapoiagiza. Haihitaji kuwa ghali.

Kiasi cha oili nacho kina mtego wake. Gia boksi ya zamani isiyo na ovadraivu huchukua painti 4.5 za Uingereza, yaani takriban lita 2.56. Ile mpya huchukua painti 5.25, sawa na lita 3, na ikiwa na ovadraivu ya LH huchukua painti 6, yaani takriban lita 3.4. Mtego uko kwenye neno painti lenyewe. Zaidi ya MGB nusu milioni zilitengenezwa, na nyingi mno zilipelekwa Marekani, ambako painti ni mililita 473 badala ya 568 za Uingereza. Baadhi ya magari hayo yamerudishwa Uingereza, na vitabu vyake vimezunguka kila mahali. Anayesoma painti 6 za Uingereza kisha akapima kwa chombo cha Marekani atapungukiwa na zaidi ya nusu lita, na gia boksi ikiendeshwa hivyo kwa safari ndefu haitamsamehe. Fanya hesabu kwa lita, iandike kwenye karatasi, na ununue akiba ya lita moja juu yake.

Njia ya kujazia nayo ipangwe mapema. Kwenye gari lenye dipstiki, oili huingizwa kutoka ndani ya gari: zulia linafunuliwa, kizibo cha mpira kilicho juu ya handaki la gia boksi kinang'olewa, na faneli nyembamba yenye mpira mrefu inashuka hadi kwenye tundu. Kabla ya kung'oa kizibo hicho, vumbi na mchanga wa miaka yote ufyonzwe na kufutwa pande zote, maana kinachoanguka hapo kinaingia moja kwa moja kwenye gia. Kwenye magari ya miaka ya mwisho dipstiki iliondolewa na badala yake kukawekwa kizibo cha ubavuni, ambapo oili hujazwa mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu. Hapo utahitaji pampu ya mkono au mpira utakaopitishwa kutoka juu. Jaribu kupitisha mpira huo ukiwa bado mkavu. Ni bora kugundua sasa kwamba ni mfupi kuliko kugundua ukiwa umelala chini ya gari na mikono imelowa oili.

Kuhusu kuinua gari, sina la kulegeza. Jeki ni ya kuinulia tu, na kazi yote ya chini ifanyike gari likiwa limekaa juu ya stendi nne, kwenye sakafu ngumu na tambarare, baada ya kulisukuma kwa nguvu kuona kama linatikisika. Stendi nne zinahitajika pia kwa sababu ya kipimo: gari lililoinuliwa mbele peke yake hulaza gia boksi kwa nyuma, hivyo oili haitoki yote, na kile dipstiki inachosema, au kinachoonekana kwenye tundu la ubavuni, si kweli. Oili hutoka vizuri ikiwa ya moto, kwa hiyo gari liendeshwe kwanza kilomita 15 hivi. Lakini bomba la ekzosi linapita karibu mno na mahali pa kazi, basi lisubiriwe lipoe kiasi kabla ya kuingia chini.

Spana ziwe za inchi. Spana ya milimita inayokaribiana itateleza na kuila nati, na nati za aina hii zikishaharibika hutoa tabu kubwa. Weka tayari washa mpya (pete ya kuwekwa chini ya nati ili oili isivuje), brashi ya waya ya kusafishia mazingira ya nati, trei inayopokea zaidi ya lita 4, tambara safi zisizotoa nyuzi, na glavu, kwa kuwa oili iliyotumika ina madhara kwa ngozi ikigusana nayo mara kwa mara. Mwenye ovadraivu ya aina ya D aondoe kwanza shinikizo lililobaki ndani yake: injini ikiwa imezimwa, ufunguo ukiwa umegeuzwa kuwasha umeme wa gari na gia ikiwa ya nne, swichi ya ovadraivu iwashwe na kuzimwa mara 10 hadi 12.

Kabla ya kumwaga, kagua pia uvujaji uliopo, usije ukalaumu kazi yako kwa tatizo la zamani. Chini ya sehemu inayobeba klachi kuna tundu dogo lenye pini inayoning'inia, iliyowekwa makusudi ili tundu lisizibe. Oili ikidondoka hapo inaweza kuwa ya injini au ya gia boksi, na kwa kuwa zote mbili huenda ni 20W-50, harufu haitakusaidia kutofautisha. Andika viwango vyote viwili siku kadhaa kabla, uone ni kipi kinachoshuka.

Tafuta chupa safi ya kioo ya kuhifadhia kiasi kidogo cha oili ya mwanzo kutoka. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vimeta vya rangi ya dhahabu vinatoka kwenye shaba ya sinkromeshi, na vikiwa vingi ni dalili ya kuchakaa. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole vinamaanisha kwamba gari lisiendeshwe mpaka gia boksi ifunguliwe. Pima pia ujazo uliotoka, kwa sababu ukipungua sana kuliko unaotarajiwa, ama gari limekuwa likiendeshwa na upungufu, ama kuna oili iliyobaki ndani ya ovadraivu.

Panga muda wa siku mbili. Baada ya kujaza, ovadraivu huvuta oili yake gari linapotembea, kwa hiyo liendeshwe mwendo mfupi, liachwe lisimame mahali tambarare, kisha lipimwe upya na kuongezwa pale linapopungua. Oili chafu irudishwe kwenye madumu yenye vifuniko na kupelekwa kwenye kituo cha halmashauri kinachopokea oili iliyotumika. Nchini Uingereza kuimwaga kwenye mtaro ni kosa la kisheria, na madumu hayo yanapaswa kuwa tayari kando ya trei kabla nati haijalegezwa.