Glasi iondoke mezani kabla ya tonge la kwanza

Ikiwa umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ondoa glasi na kikombe mezani kabla hujaanza kula, kisha ungoje dakika 30 baada ya tonge la mwisho ndipo unywe, tena kwa mafunda madogo madogo. Kwetu Mombasa, ambako mahamri hayaliwi bila chai, jambo hili si jepesi, lakini tangu nilizingatie kichefuchefu changu baada ya kula kimepungua sana. Tumbo lililobaki ni dogo mno (katika upasuaji wa kuunganisha kifuko cha tumbo na utumbo, kifuko hicho huanza na takriban mililita 30 tu), kwa hiyo kinywaji ama huchukua nafasi ya samaki na dengu unaowahitaji kwa protini, ama huharakisha chakula kushuka utumbuni, na njaa ikarudi mapema. Juisi ya miwa ndiyo mbaya zaidi, kwani sukari inayoteremka kwa kasi huweza kuleta jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuharisha. Kanuni hii haihusu wiki za mwanzo, ambapo mlo wote ni wa majimaji, na humdhuru anayesahau kunywa baina ya milo, hasa katika joto la Kaskazi. Ramadhani nayo huibana, maana saa za kati ya futari na daku ni chache kwa milo midogo pamoja na maji ya siku nzima. Zungumza na daktari wako kabla ya kufunga. Ukiona hata maji hayakai tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.