Hema la pembeni kwenye trela ndogo: jinsi ya kulibana lisiache mwanya

Usiku wangu wa kwanza na hema la pembeni, lile linalofungwa ubavuni mwa trela ya kulala, ulikuwa Ziwa Mburo, mwezi wa nne, na kama umekaa Uganda unajua mwezi wa nne maana yake ni nini. Hema lilisimama vizuri tu, ukilipiga picha hulitoi kasoro, lakini kati yake na ubavu wa trela palikuwa na mwanya wa kama vidole vitatu, saa nane usiku upepo ukaanza kutoka ziwani na maji yote ya paa la trela yakateremka kwenye huo mwanya moja kwa moja mpaka kwenye godoro la shemeji yangu. Hakupiga kelele. Asubuhi akaniuliza tu, "Shemeji, kumbe wewe ulilala ndani ya trela eh?" Nikanyamaza, ningejibu nini.

Tangu hapo nimelifunga na kulifungua mara nyingi sana na nimeona kosa letu ni moja: tunavuta. Ukiona mwanya unakimbilia kamba za nje unakaza, na ukizidi kukaza ndo hema linazidi kuachana na trela. Hii kitu inakandamizwa kwenye ubavu kwanza, kuvuta kunakuja mwisho kabisa.

Anza na trela yenyewe. Tafuta pa tambarare, geuza upande wa mlango (ndo hema litakapokaa) upepo usiupige uso kwa uso, weka mawe kwenye matairi, shusha miguu ya pembeni, alafu weka pimamaji sakafuni mpaka itulie katikati. Usiseme nitasawazisha baadaye, maana ukishafunga hema alafu ukapandisha trela kwa jeki hata sentimita nne tu, juu kunavutika na chini kunafunguka, unaanza upya.

Alafu pima kimo. Chukua futi kamba, pima kutoka ardhini mpaka pale ukingo wa juu wa hema utakaposhikia, na upime pale pale ulipoegesha sio nyumbani kwenye sementi. Yangu ni sentimita 155. Hema nilinunua mtumba, lilishonwa kwa gari refu zaidi, likawa na kitambaa cha ziada kinachojikunja chini na kukusanya matope. Nililipeleka Kiyembe, Kampala, kwa mama mmoja mshonaji akapunguza chini, sio juu, juu usiguse kabisa kama pana ule ukingo wenye kamba ndani yake.

Sasa huo ukingo ndo moyo wa kazi. Mahema mengi ya aina hii yana kamba nene iliyoshonewa kwenye ukingo wa juu, nyingi ni kati ya milimita 5 na 8, na inaingia kwenye reli ya aluminiamu yenye mdomo mwembamba, kamba inapita ndani kitambaa kinatokea mdomoni. Nenda na kipande cha reli mkononi au nenda na hema lenyewe, usikisie. Kamba nyembamba kwenye reli pana inachomoka upepo ukija, kamba nene haiingii hata uite kijiji kizima.

Mimi reli nilifungiwa Katwe, huko huko Kampala. Fundi alitaka kuiweka juu ya paa pale pa bapa kwa sababu ni rahisi kutoboa, mwenzake aliyekuwa anakunywa chai pembeni akasema, "Ssebo (yaani bwana), hapo maji yatalala." Alikuwa sahihi. Reli ikae kwenye ukingo ambapo paa linaanza kuteremka, mdomo ukiangalia nje na chini kidogo, ili maji yaruke juu ya kitambaa badala ya kuingia nyuma yake. Pakeni silikoni chini ya reli urefu wote, na tone lingine kwenye kila tundu kabla riveti haijaingia, sio baada. Kwenye mkunjo wa paa reli ikunjwe taratibu, ukiilazimisha mdomo unajifunga na kamba haitapita.

Kabla ya kuingiza hema, panua mwanzo wa reli kidogo kwa bisibisi bapa, alafu piga tupa mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe, la sivyo kitambaa kitachanika hapo hapo. Sugua mshumaa kwenye kamba, mshumaa wa kawaida tu wa dukani. Hii kazi ni ya watu wawili, mmoja analisha kitambaa kwenye mdomo wa reli mwingine anavuta mbele polepole. Ukiwa peke yako utatukana.

Kama huna reli na hutaki kutoboa trela, shonea kipande cha turubai kwenye ukingo wa juu wa hema, kipitishe juu ya paa mpaka upande wa pili, kikazwe kwenye chesi (fremu ya chini ya trela) kwa mkanda au mpira wa tyubu ya baiskeli. Inashika vizuri. Ila hakikisha hufungi kwenye nyaya za taa wala kwenye madigadi, na sumaku achana nazo kama bodi yako ni ya aluminiamu, hazishiki kitu.

Haya, juu pameshika, kamba za nje bado usiziguse. Njoo ubavuni, hapa ndo shemeji aliloweshwa. Kila upande wa hema unahitaji nguzo moja iliyosimama wima, au iliyolala kidogo kuelekea trela, inayokandamiza ukingo wa kitambaa kwenye ubavu kuanzia chini ya reli mpaka karibu na ardhi. Kati ya kitambaa na ubavu weka kitu laini. Watu wanaweka sponji ya godoro, mimi niliweka, inakunywa maji inageuka bomba la kukuletea mvua ndani. Kilichonisaidia ni ndala za zamani. Nilikata soli za pea tatu vipande virefu vya upana wa vidole viwili, nikavishonea ndani ya mfuko mwembamba kwenye ukingo wa hema. Ile soli haifyonzi maji, inabonyea inajaza kila bonde, hata pale kwenye mstari wa bawaba za mlango ambapo kitambaa peke yake huwa kinaruka. Nguzo ikishabana, ifunge juu kwa mpira na chini uikanyagie kigingi upande wa nje isirudi nyuma.

Chini ya trela ni rahisi: kipande cha turubai cha kushuka kutoka ukingo wa bodi mpaka ardhini, kikatwe kufuata tairi, kiwe na matundu ya chuma ya kufungia mipira. Turubai la sakafuni likunjwe kwenda juu kama beseni, lipite ndani ya hicho kipande. Likitokea nje litakusanya maji na kukuletea.

Sasa ndo uvute. Pembe za mbele kwanza, zote mbili kwa pamoja, vigingi viingie vimelala kama nyuzi 45, kichwa kikiwa mbali na hema. Kwenye ardhi ngumu ya maramu vigingi vya dukani vinakunjika, katisha nondo za milimita 10 urefu wa sentimita 30 uchonge ncha. Kila ukikaza kamba rudi ubavuni uangalie nguzo kama imesogea. Kama imesogea umekaza sana. Kamba za katani zikilowa zinajifupisha, zilegeze kidogo mawingu yakikusanyika, za nailoni ni kinyume, zinalegea, utaamka kukaza.

Usisubiri mvua ikufundishe. Nyumbani kabla ya safari ingia ndani usiku na tochi, mwenzako azunguke nje, kila panapotoka mwanga ni mwanya. Alafu toboa vitundu kwenye kifuniko cha jerikeni ya lita 20, jaza maji, mwaga juu ya paa la trela taratibu upande wa hema. Mimi nilipata uvujaji mbili, moja kwenye kona ya reli na moja pale mkunjo unapoisha, kidole cha silikoni kikamaliza.

Na ukishabana kila kitu hivi, sigiri (jiko la mkaa) isiingie humo. Nasema hivi kwa sababu baridi ya usiku inashawishi, mkaa ulioshika vizuri hauna moshi unadhani ni salama, kumbe hewa yake inaua mtu usingizini. Pika nje, na acha dirisha la juu wazi kiasi cha kiganja hata mvua ikinyesha.

Asubuhi ya kuondoka unarudi kinyume, ulichofunga mwisho ndo unaanza kukifungua: kamba za nje, nguzo za ubavuni, alafu reli. Kama limelowa likunje hivyo hivyo ila ukifika nyumbani lianike siku hiyo hiyo, hata saa tatu usiku. Shemeji siku hizi analala kwenye hema bila kuulizwa, ila godoro lake analiweka upande wa mbali na trela.