Kukokotoa Pointi za Mchezaji wa Zamani wa Raga

Hapa ni raga ya wachezaji 15 (rugby union). Anza na mechi, si pointi. Mechi ya kimataifa huhesabiwa ikiwa chama cha nchi ya mchezaji kimeitambua rasmi, hata kama wapinzani hawakuitambua. Ndiyo maana watu wawili waliokabiliana uwanja mmoja, siku moja, huweza kuwa na hesabu tofauti. Raga ya wachezaji saba iweke kando. Mechi za British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, nazo zipe safu yake katika jedwali lako.

Sasa trai, yaani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, na hapa ndipo wengi huteleza. Hadi 1971 trai ilikuwa pointi 3, ikawa 4, na tangu 1992 ni 5. Mchezaji wa pembeni mwenye trai 12, tano kabla ya badiliko la 1992 na saba baadaye, ana 5 × 4 + 7 × 5 = 55. Ukizidisha zote kwa 5 unapata 60, na hizo pointi 5 hazikufungwa popote. Kwa mechi za mwaka wenyewe wa badiliko, usikisie: angalia matokeo ya mechi husika.

Mikwaju ni rahisi zaidi: penalti 3, mkwaju wa baada ya trai 2, mpira wa kudondosha na kupiga unapodunda 3 (ulikuwa 4 hadi 1948).

Usimpime mkongwe kwa wingi wa mechi pekee. Kubadilisha wachezaji kwa mbinu kuliruhusiwa 1996 tu. Kabla ya hapo, tangu 1968, asiyeanza aliingia tu mwenzake akiumia. Kwa wa sasa, tenganisha mechi alizoanza na alizotokea benchi.